Taya la Peninah

Taya lilikuwa juu ya meza ya OC Edeku, mkuu wa polisi wa Busia, limelazwa kwenye gazeti kuukuu, na askari waliokuwa na shughuli ofisini asubuhi hiyo walikumbuka ghafla shughuli nyingine nje. Wengine wao walipigana vita huko Burma, mwizi wa ng'ombe walimkimbiza mpaka ng'ambo ya mto Malaba, lakini taya la mtu lenye ufizi wa rangi ya waridi, hilo hapana.

Inspekta Ojangole alivua kofia, akalipangusa vumbi la barabara ya Tororo, akainama juu ya meza.

"Hili si taya," alisema.

"Najua si taya," alijibu Edeku, kwa ukali wa mtu aliyejua jana tu. "Ni meno ya bandia. Lakini nenda ukawaambie watu wa Sikuda. Kule wanasema Mzee Rasto alimng'oa mkewe taya kwa mikono, kama mtu anayeng'oa muhogo."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Peninah Nasirumbi, mke wa Mzee Rasto Ojiambo wa Sikuda, hakuonekana tangu mwanzo wa wiki. Jirani yao Norah alikuwa ameenda kutupa majivu, akaona kitu cha waridi katika shimo, akapiga yowe lililofika sokoni. Karibu na kile kitu palikuwa na kitambaa chenye damu. Askari walikwenda, wakatafuta shambani na bwawani, hawakuona maiti, wakarudi na mzee mwenyewe.

"Nilimwonyesha," alisema Edeku. "Nikamuuliza, haya ni ya mkeo? Akasema ni yake. Nikamuuliza, yuko wapi? Akanyamaza. Norah alimwona akimtesa. Leo jioni gari la mahabusu linapita, linamchukua mpaka Tororo kwa hakimu. Shtaka la kuua. Wewe nimekuita uweke sahihi tu."

Ojangole hakuwa mtu wa kuitwa kuweka sahihi. Alikuwa mnene, mpole, mpenda chai, na wiki hiyo jino lake la nyuma lilikuwa likimuuma, kwa hiyo alikuwa na huruma kubwa kwa kila mwenye mdomo. Alichukua yale meno, yaliyokuwa vipande viwili, kimoja kila kiganja. Yalikuwa meno ya taya la chini, magego ya kushoto kwenye kipande kimoja, ya kulia kwenye kingine. Mbele, mahali pa meno sita, palikuwa patupu.

"Alimpiga ngumi," alieleza Edeku. "Meno ya mbele yakaruka, taya likapasuka katikati."

"Pitisha ukucha hapa."

Edeku alipitisha ukucha pale yalipopasukia.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Kitu kilichovunjika hukwaruza, afande. Hapa pamepigwa msasa. Sasa pitisha hapa mbele, palipotoka meno. Kuna shimo? Kuna kipande cha jino kilichobaki?"

"Laini," alikiri Edeku, bila kupenda.

"Mama huyu ana umri gani?"

"Umri wangu. Labda amenizidi kidogo."

"Basi fungua mdomo, OC."

Edeku alifungua, kisha akaufunga upesi. Alikuwa mtoto wa zamani, na kama watoto wote wa zamani wa upande huu, wazee walimng'oa meno ya mbele ya chini alipobalehe. Kila siku ya maisha yake ulimi wake ulipita katika lile pengo, na hakulikumbuka.

"Fundi angemrudishia mama meno ambayo wazee wake waliyang'oa kwa sherehe?" aliuliza Ojangole. "Angekwenda nayo wapi? Nyumbani wangemcheka mpaka wajukuu. Pengo hili limetengenezwa, na hata huku kugawanyika kumetengenezwa, ila sijui kwa nini. Niitie Norah."

Norah hakuhitaji kuitwa. Alikuwa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, amevaa gauni la kanisani, kwa sababu shahidi wa mauaji haji na nguo za shamba. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo si mbaya, mmoja wa wale ambao ukiwapa siri wanaibeba kama maji katika ungo.

"Mimi sipendi kuingilia nyumba ya watu, afande," alianza. "Lakini macho ni yangu. Dirisha yao naangalia jiko yangu. Niliona Muzee ameshika mama kwa kidevu, hivi. Vidole yake imeingia ndani ya mdomo. Yeye nasukuma, mama nalia, mmm, mmm. Mimi nikasema leo mutu anakufa."

"Ulimwona siku moja tu?"

"Siku moja? Siku mingi!"

"Saa gani?"

"Asubuhi. Mbele ya chai."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, afande. Mutu mbaya sana."

"Na akimaliza kumsukuma?"

Norah alisita. "Akimaliza wanakunywa chai."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Muzee namimina."

"Mama analia wakati wa chai?"

"Hapana." Sasa sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. "Wanacheka. Yule mama nacheka sana, mpaka mimi nasikia kwa jiko."

"Mbona hayo hukumwambia OC?"

"Hakuniuliza kama wanacheka. Aliniuliza kama anamuua."

Ojangole aliomba chai, akainywa kwa upande usiouma, akafikiri. Halafu akaenda mahabusu na vile vipande mfukoni.

Mzee Rasto alikuwa amekaa juu ya blanketi lililokunjwa vizuri, koti lake refu limefungwa mpaka shingoni. Alikuwa mdogo wa mwili, ndevu nyeupe, na mikono yake ilikuwa safi kuliko mikono ya mkulima yeyote ambaye Ojangole alikuwa amepata kumhoji. Kucha zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye nyama.

"Mulembe, mzee," Ojangole alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe. Karibu. Kiti hakuna."

Inspekta akaketi sakafuni. "Mama yuko wapi?"

"Ametembea."

"Ametembea wapi?"

"Kama aliniambia, mimi naweza lala hapa?"

"Mligombana?"

"Wewe iko na bibi?"

"Bado sijapata."

"Basi ngoja. Utajua."

Ojangole alitoa vipande, akavipanga juu ya goti. "Kitambaa kina damu, mzee. Jirani anasema unamtesa. Gari linakuja jioni. Ukisimama mbele ya hakimu na maneno haya mawili matatu, watakunyonga. Unanisikia? Watakunyonga, na mkeo akirudi atakuta kaburi. Niambie basi, nani aliyavunja haya?"

Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyevaa shati kinyume. "Nani alikuambia imevunjika?" Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Sawa. Hayakuvunjika," Ojangole alisema polepole. "Ziko nusu mbili. Hapa katikati kuna tundu jembamba, na kwenye nusu ya pili tundu lingine, yanatazamana. Kitu kilipita humo kuzifunga. Pini. Katika majivu palikuwa na nusu ya kushoto, nusu ya kulia, na kitambaa, lakini pini haikuwapo. Mtu mwenye hasira hutupa chote. Hakai chini akachomoa pini kwa uangalifu aende nayo. Pini huchomolewa ikiwa inahitajika mahali pengine. Kwa hiyo kuna meno mengine, mzee. Haya yalitupwa kwa sababu hayakufaa, na mama ameondoka na yale yanayofaa. Mwanamke aliyebeba meno yake amekwenda kwa shughuli. Mwambie OC hivyo, utalala kwako leo."

Macho ya mzee yalikuwa yamejaa maji, lakini kichwa kilitikisika kukataa.

"Mimi niliapa. Alisema, Rasto, hata mutu mmoja asijue, hata dada yangu. Niliapa kwa mama yangu. Yeye atarudi hasira ikiisha. Na akirudi akakuta nimetoa siri yake kwa polisi, mwanangu, hata jaji hawezi kuniokoa."

Ojangole alitoka akiwa amempenda mzee huyo kabisa, jambo ambalo halisaidii upelelezi, lakini lilimfanya aipige teke pikipiki yake kuiwasha kwa nguvu zaidi. Hospitali zilijua kung'oa tu. Mtu aliyetengeneza meno katika sehemu zile alikuwa mmoja, na kibao chake Ojangole alikijua vizuri, maana tangu jino lianze kumuuma alikuwa akipita upande wa pili wa barabara ili asikione.

Kibao kilikuwa nyuma ya duka la mshonaji mjini Tororo, kimepakwa vumbi la saruji kama kila kitu cha mji huo: EDIMU, FUNDI WA MENO, ZAMANI WA JESHI. Edimu mwenyewe alikuwa mrefu, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, na alisimama kama anakaguliwa na brigedia. Alipoona majivu kwenye vile vipande uso ulimharibika.

"Kazi yangu! Nani ametupa kazi yangu kwa majivu?"

"Mwenyewe."

"Ah." Akavipangusa kwa kitambaa cheupe, kwa upole. "Hii ni ile ya kwanza. Ilimkata ufizi, akatoka damu. Nikamtengenezea ya pili, nikahamisha pini. Hiyo pini ni chuma ya maana, afande, haipatikani hapa."

"Kwa nini uliyagawa?"

Edimu alifurahi kuulizwa. "Weka vidole mdomoni. Simamisha, kimoja juu ya kingine."

Ojangole, kwa woga, alitia. Viliingia vitatu.

"Yule mama aliungua alipokuwa msichana. Alianguka juu ya chungu cha uji. Kovu limeshika pembe zote mbili za mdomo, halivutiki. Yeye vinaingia viwili tu, na anaumia. Sasa taya zima la meno ni pana kuliko mlango wenyewe. Kitanda kikikataa kupita mlangoni unafanya nini? Unakifungua. Unapitisha ubavu huu, unapitisha ubavu huu, unakiunga ndani. Hata kipimo nilichukua nusu nusu. Kijiko cha nta cha kupimia mdomo nilikikata kwa msumeno, nikapima kushoto, nikapima kulia, nikaviunga mezani. Hospitali ya jeshi tulikuwa na askari waliolipukiwa na petroli. Mdomo ulibaki kama tundu ya kifungo, na walitaka kula nyama kama watu."

"Na anayatiaje?"

"Hayo ndiyo matata. Mikono yake haifiki vizuri, kovu linauma, machozi yanatoka. Kwa hiyo nilimfundisha bwana yake. Sijaona mwanafunzi kama yule mzee, afande. Alikata kucha zote hapa hapa. Alirudi kufundishwa hata siku ambazo sikumwita. Kila asubuhi anamtia, kila usiku anamtoa na kuyaosha."

Ojangole alivuta pumzi. Mbele ya chai, alikuwa amesema Norah. "Ulimwona mama mara ya mwisho lini?"

"Mara ya mwisho?" Edimu alishangaa. "Afande, yuko nyuma. Analala kwa mama yangu wiki hii. Amenifukuza nisimwangalie."

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha, kioo na stuli. Juu ya stuli alikaa mwanamke mwembamba mwenye leso ya manjano, vijiti bapa vimepangwa kati ya magego ya juu na ufizi wa chini kunyoosha ile mishipa iliyokazwa na kovu. Alipomwona mgeni alivitoa, akafunika mdomo, akamwangalia kwa macho makali.

"Wewe ni nani unaingia bila hodi?"

"Hodi, mama. Ni Inspekta Ojangole, wa polisi."

"Polisi? Mimi nimeiba nini?"

"Umejiiba mwenyewe. Kwa nini uliondoka bila kuaga?"

Peninah alimpima kwa macho, akaona mtu mnene mwenye shavu lililovimba, na pengine hilo shavu ndilo lililomshawishi.

"Binti yangu Edah anaolewa ng'ambo, Kenya," alisema. "Tunakwenda kwa wakwe, wanawake tunalala nyumba ya wanawake. Rasto hawezi kuingia huko. Sasa asubuhi nani atanitia meno? Mkwe wangu?" Alicheka peke yake, kwa pua. "Nikamwambia Rasto, nataka kujifunza mwenyewe. Alikasirika! Kwani vidole yangu imekosa nini, alisema. Siku mbili hakuongea na mimi. Nikaona nikimuaga atalia, na akilia sitakwenda. Alipotoka na ng'ombe, nikapanda basi."

"Umeshajua?"

"Nusu zinaingia. Pini inakataa. Jana ilianguka, tuliitafuta na mama ya fundi mpaka chini ya kitanda." Alishusha mkono. "Yeye anakula?"

"Mama, yeye yuko mahabusu Busia. Anashtakiwa kukuua."

Peninah alicheka kweli sasa, kicheko ambacho Norah alikisikia jikoni kwake. "Rasto? Huyo hata kuku anamwita Norah achinje!" Kisha akaona kwamba inspekta hacheki. Alisimama, vijiti vikamwagika. "Na hakuwaambia habari ya meno?"

"Alikuapia."

Alikaza leso, akatia meno yake katika kitambaa safi. Pini akaifunga humo humo. "Mjinga yule," alisema. "Mjinga wangu. Washa pikipiki yako."

Walifika Busia gari la mahabusu likiwa limeshawashwa. Nusu ya Sikuda ilikuwa uwanjani. Mzee Rasto alikuwa nyuma ya gari, pingu mikononi, na Norah ndiye aliyemwona Peninah kwanza, akapiga yowe la pili la wiki hiyo, kubwa kuliko la kwanza. Watu wengine walikimbia. Edeku alitoka, akamtazama mwanamke aliyeuawa akishuka kwenye pikipiki na kukunguta vumbi.

"Kuua nimefuta," alisema. "Lakini kitambaa kina damu, inspekta, na shahidi alimwona akimtesa. Kumjeruhi mke ni shtaka pia. Karatasi nimeshazitia sahihi mwenyewe. Atakwenda, hakimu ataamua."

"Afande, naweza kukueleza ndani," alisema Ojangole, akiwaangalia wale watu wote, na Norah katikati yao na gauni lake la kanisani. "Mama naye atakueleza. Ndani."

"Gari haliwezi kungoja maelezo. Askari! Funga mlango."

Peninah alielewa kabla ya inspekta. Akilisema jambo la meno hapa, litafika kwa wakwe kabla yake. Asipolisema, mumewe analala Tororo na wezi. Alifungua kitambaa.

"Mama Edah, hapana!" Rasto alipiga kelele kutoka garini, mara ya kwanza watu kusikia sauti yake tangu akamatwe. "Usiwaonyeshe! Mimi nakwenda tu, nitarudi!"

"Nyamaza, wewe," alisema Peninah. "OC, unataka kuona mateso? Tazama."

Bila kioo, uso kwa watu wote, alivuta pembe ya mdomo kwa kidole. Kovu likakaza, machozi yakamtoka. Nusu ya kwanza ikaingia. Watu wakasogea karibu. Akavuta pembe ya pili, akalia kidogo, mmm, na Norah akajishika kifua, maana sauti ile aliijua. Nusu ya pili ikaingia. Akashika pini. Pini ikagonga, ikateleza, akaikamata kabla haijaanguka. Mzee Rasto alikuwa ameinua mikono yake yenye pingu, vidole vikisogea hewani. Pini ikagonga tena, ikatafuta, ikaingia.

Peninah alitabasamu. Magego yote mahali pake, na katikati lile pengo la wazee.

"Kila asubuhi ananifanyia hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa siwezi," alimwambia Edeku. "Damu ni ya meno yale ya kwanza. Sasa andika hiyo kwa karatasi yako."

Edeku alimwangalia Norah. Norah alikuwa akilia wazi, akijipangusa kwa mkono wa gauni. "Mimi nilisema wanacheka," alinung'unika. "Nilisema."

"Fungua pingu," alisema Edeku.

Askari alifungua. Mzee Rasto hakushuka. Alisimama kwenye ukingo wa gari akimtazama mkewe, ndevu zimelowa, na kila mtu alingoja aseme neno ambalo mtu husema akiponyoka kamba.

"Umeanza na kushoto," alisema. Akajipangusa ndevu. "Mimi nilikuonyesha kulia."

"Kushoto inaingia vizuri."

"Kulia ndiyo haiumizi."

Peninah alimsogelea. Kisha akamnyoshea mkono ashuke.

"Haya," alisema. "Kesho asubuhi utanionyesha."